Mlango wa Tisa

Enzi zetu pale mtaani Bwiza, wakati televisheni bado zilikuwa na tumbo kubwa nyuma, avenue yetu nzima, mwanzo hadi mwisho wa barabara, ilikuwa na mashine moja tu ya kuchezea michezo. Ilikuwa ya Amisi, mtoto wa fundi magari wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Nilimwonea wivu Amisi mpaka nikawa siwezi kumsalimia vizuri. Dikte, ile imla ya shuleni, ilimshinda kila wiki na shati lake halikuwahi kuwa na vifungo vyote, lakini alikuwa na mashine. Mbele yake, sisi wenye alama nzuri hatukuwa kitu.

Ukitaka kuingia kwao ulivua kandambili, ukanawa mikono mpaka kwenye viwiko, na haikuwa vibaya ukija na maandazi mawili ya moto kwenye karatasi. Tuliketi mkekani kwa mstari. Chumba kilinuka ndagala, yaani dagaa, zilizokuwa zikikaangwa uani, pamoja na jasho la watoto kumi na wawili. Aliyekufa katika mchezo alimpisha mwingine, na wasichana, kwa amri ya Amisi, walikuwa wa mwisho. Kila mara zamu yangu ilipokaribia, mama yangu alikuwa ameshasimama mlangoni. "We mutoto, macho yako itabaki mu ile televizyo! Kuya tuende ku nyumba!"

Mchezo tuliougombania ulikuwa wa mtu mdogo aliyebeba taa, anayepita milango tisa. Minane tuliijua. Wa tisa hakuna aliyewahi kuufungua. Amisi aliapa kwamba nyuma yake kuna harusi. Kaka zake walisema kuna mji mwingine mzima. Mimi niliyekuwa mtazamaji tu nilichora njia zote nyuma ya daftari la hesabu, kila shimo na kila ngazi, na wavulana wakikwama waligeuka kuniuliza mimi. Mashine yenyewe haikuhifadhi chochote. Ukiizima, unaanza upya. Kwa hiyo adhana ikilia tuliiacha ikiwaka, tukaifunika kwa kitenge, na bibi yake Amisi akakaa karibu nayo na fimbo ili asikanyage mtu waya.

Siku moja Amisi alifika mlango wa nane, akajaribu, akakwama, kisha akaninyooshea maneti, kile kishikio chenye vitufe. "Shika we, Mwajuma. We ndiye unajua njia."

Nilipita. Nilisimama mbele ya mlango wa tisa, nikabonyeza. Papo hapo umeme ukakatika Bwiza nzima. Nililia siku tatu. Mama alidhani ni malaria, akaninywesha dawa chungu, na mimi nikainywa kwa sababu sikuweza kumweleza. Kabla mwezi haujaisha, familia ya Amisi ilihamia Kinanira, mtaa wa mlimani, na mashine ikapanda mlima pamoja nao.

Leo vimashine vya michezo ile ya zamani vinauzwa Bwiza hiyo hiyo, kwenye maduka ya vifuniko vya simu. Vinaenea kiganjani, na bei yake hata mtu wa mshahara wa kawaida anaimudu. "Maman, mu hii kuna michezo yote ya zamani," muuzaji aliniambia. "Hautaimaliza mpaka uzeeke." Nikamwambia namnunulia mtoto. Nilimdanganya.

Niwe mkweli kwa wenzangu mnaokitamani. Kinaingia kwenye mkoba, hakihitaji televisheni, na umeme ukikatika chenyewe kinaendelea kuwaka, jambo ambalo siku ya kwanza lilinitia hasira. Tena unahifadhi mchezo popote ulipofika, hata yule mtu wa taa akiwa hewani katikati ya kuruka. Sasa ubaya wake. Betri inakwisha kabla maharage hayajaiva. Kitufe cha kushoto kinanasa, juani huoni kitu, na sauti yake ni ya mbu aliyefungiwa kikombeni. Vidole gumba vyangu vya miaka arobaini na kitu vinakufa ganzi. Halafu ni cha mtu mmoja tu. Hakuna wa kukupigia kelele uruke. Hata hivyo, kwa bei ile sikujuta. Nilipanga kwenda polepole, mlango mmoja kila Jumapili, mpaka niufikie ule wa tisa kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa mlango wa nne binti yangu Zuhura, mwenye miaka kumi na miwili, alipokigundua. Alikicheza alasiri mbili tu.

"Maman, ile mchezo yako nimemaliza! Nimefungua mulango ya tisa. Kuya uone!" Alisema hayo huku akila embe.

"Usinionyeshe!" nilimkemea, mpaka akashtuka. Akaenda kunawa mikono.

Kimashine kilibaki mezani. Kwenye kioo chake, mchezo wa Zuhura ulikuwa umehifadhiwa juu, wangu chini yake. Wivu ulinipanda. Mimi, mama mzima, ninayevaa viatu vya kisigino na kwenda ofisini Rohero, nikaufuta wa kwake. Kiliniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika.

Aliporudi sikuweza kumtazama. "Nimefuta mchezo wako," nilimwambia. "Sikukosea. Nimefanya makusudi."

Akacheka. "Si kitu, Maman. Nitaanza tena siku ingine."

"Haikuumi hata kidogo?"

"Iniume juu ya nini? Ni mchezo tu." Akatoka kwenda kuruka kamba na wenzake.

Nilikuwa nimejiandaa kuwasema watoto wa siku hizi, kama tunavyopenda watu wa rika letu: kwamba hawajui kungoja zamu, kwamba wanameza kwa siku mbili kitu kilichotutesa utoto mzima, kisha wanakisahau embe likiwa bado mkononi. Na ni kweli. Sisi tulingoja, na kwa sababu tulingoja, kila kitu kilikuwa kikubwa. Lakini siku hiyo, nikimsikia Zuhura uani akihesabu miruko ya kamba, sikumwonea wivu kwa ajili ya mlango. Nilimwonea wivu kwa ajili ya kile kicheko. Katika umri wangu wote sijawahi kupoteza kitu, hata kiwe kidogo namna gani, nikacheka hivyo.