Mwanga Ambao Mjukuu Wangu Hakuuwahi

Mjukuu wangu ndiye msichana wa kwanza wa kijiji chetu cha Galu kulipwa mshahara kwa kutazama mbingu. Cheka ukitaka. Mimi darasa la pili sikulimaliza, lakini kazi yake naijua, maana nilimkalisha jamvini anieleze mpaka nikaelewa.

Huko juu, mbali kupita kiasi, hutokea mlipuko wa kupepesa jicho tu. Jicho la mtu haliuoni. Hunaswa na chombo kilichorushwa angani. Wao huku chini wakipewa habari huelekeza darubini upande ule, wakalinganisha na picha ya zamani ya mahali palepale. Wakiona kitone ambacho hakikuwapo, ndiyo masalio ya moto ule, kama kaa linalozimika. Wakikiwahi, huutawanya mwanga wake ukawa rangi rangi. Ndani ya rangi mna mistari myeusi, na kadiri mwanga ulivyotoka mbali, ndivyo mistari ilivyosogea upande wa wekundu. Hapo hujua umbali. Wakichelewa, basi, kinabaki kitone kisicho na kwao.

Mwaka mmoja alikuja likizo kutoka Afrika Kusini, iliko darubini yao, akamkuta mamake, binti yangu, hajiwezi. Tumbo limevimba, mwili umekwisha. Hospitali walikwisha kutuambia tukae naye nyumbani.

Jirani yetu akaja kumjulia hali.

"Shikamoo, shangazi," mjukuu wangu akamwamkia.

"Marahaba. Wewe mwana, si umesomea nyota? Mtazamie mamako nyota yake, tujue."

"Mimi sipigi falaki, shangazi."

"Ala! Miaka yote hiyo umesomea nini, kuhesabu popo?"

"Amesomea kutosema uongo," nikadakia. "Kunywa chai yako inapoa."

Lakini maneno yalikwisha kumwingia mgonjwa. Jirani alipoondoka tu, akamwita mwanawe. "Niambie, mwanangu. Idi nitaiona?"

Nikamkonyeza mtoto aseme ndiyo. Ingempunguzia nini? Yeye akasema, "Sijui, mama. Mimi kazi yangu ni kufika nyuma, mambo yamekwisha. Vingine ninavyovitazama viliungua kabla dunia hii haijakuwapo."

Binti yangu akacheka huku amejishika tumbo. "Basi safari hii usifike nyuma. Kaa."

Na likizo ilikuwa inakwisha. Zamu ya darubini huombwa mapema mno, na yake ilikuwa imekaribia. Akaenda dukani kupiga simu, akamwachia zamu mwenzake wa kazi.

Haukupita muda, akaitwa kwenye simu ileile ya dukani. Mlipuko ulikuwa umetokea, tena katika zamu yake hasa. Mwenzake alihangaika kukitambua kitone katikati ya nyota. Alipokipata kilikuwa kimefifia, mwanga hautoshi kutawanywa.

Akarudi uso umemshuka, akakaa kitandani, akakamua kitambaa cha maji.

"Ulikuwa wa mbali?" mamake akamwuliza.

"Hatutajua tena, mama."

"Pole. Haya, nigeuze ubavu."

Akamgeuza.

Idi haikumkuta. Alikata roho mchana, mvua ikiyapiga makuti, mkono wake umo mkononi mwa mwanawe. Nikamfumba macho, nikamfunga kidevu kwa leso. Wanawake wa kuosha walikwisha kufika, wamesimama mlangoni, na mtoto bado hajauachia ule mkono.

"Uachie sasa," nikamwambia.

"Mkono bado una joto, bibi."

Nikawaambia wale wanawake wangoje nje.