Shangazi Hamdiya Ahamisha Deni

Shangazi yangu Hamdiya hakuwahi kudaiwa na mwenye duka hata baisa kumi, lakini kwa miaka mitatu alidaiwa na benki. Alikuwa mtunza stoo wa skuli moja ya Ghubra. Mshahara ukiingia alilipia kadi yake ya mkopo riali ishirini na tano, akamshukuru Mungu, na mwezi ukifuata akakuta deni limepungua riali saba tu. Kumi na nane zilikwenda kwenye riba.

Sisi hatukujua kitu. Tulijua mwaka 2006, pale baba yangu, Amur, alipomwambia dada yake kwamba mwaka huo anamchukua Hija na gharama zote ni juu yake. Shangazi alilia kwa furaha, akajifuta macho, kisha akasema haendi. Kwetu mtu hafungi safari ile na haki za watu shingoni. Alikuwa na deni la riali mia tisa, na Baba alipotaka kumlipia alikataa kata kata.

Basi nikaitwa mimi, Noof, mtu wa hesabu katika kiwanda kimoja cha Rusayl. Nilizisoma karatasi zake nikapandwa na hasira, maana mimi hasira zangu ziko karibu. Nilimuuliza mtu mzima mwenye akili zake anaendaje kuzikopa pesa nyingi hivyo kwa kadi. Nikamtupia na methali: kukopa harusi, kulipa matanga. Akacheka kidogo, akaniongeza chai.

Siku zile benki nyingine ilikuwa inatafuta wateja. Ukihamishia kwao deni la kadi yako, wanailipa benki ya zamani, na wewe unawalipa wao kwa miezi sita bila ya riba, ila ada ndogo ya mara moja. Ukipitisha miezi sita, riba inarudi. Nilimpigia hesabu: riali mia na hamsini kila mwezi, na asinunue hata pini kwa kadi. Shangazi akaikata kadi ya zamani kwa mkasi wake wa kushonea, vipande akavitia ndani ya kopo la maziwa, akatangaza kwamba ameizika.

Miezi sita ile nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda. Alikula kunde na dagaa. Alipika mikate ya kumimina akawauzia majirani wa Mabela, na harusi za watu hakwenda, kwa kuwa hakuweza kwenda mikono mitupu. Idi ilimkuta na nguo ya mwaka juzi. Novemba alilipa fungu la mwisho, nami nikajivuna kama niliyelipa mwenyewe.

Zilipobaki siku nne kusafiri, alitoa karatasi ya daftari yenye majina ya watu anaotaka kuwaomba radhi. Nilimwendesha mchana kutwa. Tulikwenda kwa majirani, kwa walimu, na kwa Msellem wa duka la vitambaa, ambaye Shangazi aliwahi kumwita mwizi wa dhiraa. Sehemu ya chini ya karatasi aliikunja nisiione. Halafu akasema twende benki, ile ya zamani.

Nilimwambia benki haina moyo, itamsamehe kwa kitu gani? Akanijibu kwamba benki ina watu, na kuna kijana pale ambaye yeye Shangazi aliwahi kumpandishia sauti mbele ya wateja, wakati kijana akimweleza habari ya riba.

Kijana huyo aliitwa Badr, na kwao kama kwetu, Kiswahili kilikuwa cha nyumbani. Alimkumbuka Shangazi.

"Mwanangu, nnakwenda Hija," Shangazi alimwambia. "Siku ile nilikuvunjia heshima. Nnakuomba radhi."

Badr aliinamisha kichwa, akasema ameshasamehe zamani, na Shangazi naye amwombee dua huko. Kisha, kwa wema tu, akaifungua akaunti ya Shangazi kwenye kompyuta ili amhakikishie kwamba mambo ni safi. Uso ukambadilika.

Akaunti haikufungwa. Baina ya siku tuliyoandika barua ya kuhamisha deni na siku pesa za benki mpya zilipofika, ilizaliwa riba ya riali tisa ambayo haikuwamo katika hesabu yetu. Riali tisa hizo zikatozwa faini kila mwezi, na barua zikenda kwenye sanduku la posta la Ruwi ambalo Shangazi aliliacha tangu mumewe afariki. Sasa zilikuwa arubaini na saba. Kosa lilikuwa langu, mtu wa hesabu, kwa kutouliza. Nilitaka kupiga kelele, na hapakuwa na wa kumpigia.

Nilifungua mkoba nilipe. Shangazi akaushika mkono wangu akaurudisha. Alifungua fundo la leso yake, akatoa riali hamsini alizoweka kwa kununulia watu misala na tasbihi huko Makka. Akalipa zile arubaini na saba zote, akamwomba Badr aifunge akaunti mbele yake, na ampe karatasi ya hesabu yote tangu mwanzo.

Karatasi hiyo niliisoma ndani ya gari. Mistari ya juu kabisa ilikuwa ya wiki moja ya Mei 2003: ukumbi wa Ghubra, mpishi wa biriani, duka la nguo za bibi harusi. Bibi harusi nilikuwa mimi. Mwaka ule Baba alikuwa hana kazi, na Shangazi alituambia amepokea mchezo, ule wanaochangiana wanawake wa skuli kila mwezi. Tulimwamini. Nikaikumbuka methali yangu, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Nilipogeuka, alikuwa ameshaikunjua ile sehemu ya chini ya karatasi yake ya majina. Palikuwa na jina moja tu.

"Wewe nimekuweka mwisho kwa sababu nakuonea haya," alisema. "Nilikudanganya, Noof. Nilikwambia pesa za mchezo, na hazikuwa za mchezo. Niwie radhi, mwanangu."

Nilijaribu kusema kwamba mimi ndiye ninayepaswa kuomba radhi, kilio kikanitangulia. Nililia juu ya usukani. Niliponyamaza akaniuliza tena kama nimemsamehe, kwa kuwa bila ya jibu haendi.

Nikasema nimekusamehe, Shangazi.

Akachukua kalamu yangu, akalikata jina langu kwa mstari mmoja, akaniambia niwashe gari.