Jina la Somoe Mlangoni

Hadithi hii ninayoiandika hamtaiamini, na sitawabembeleza. Nimeshawasimulia watu wa Mtwara mjini mambo mazito kuliko haya wakatikisa vichwa wakaniamini, lakini hili la dada yangu Somoe kuandikwa mtu asiyeshughulisha mwili limewashinda hata wale wanaoamini kila kitu.

Somoe ni mchimba ming'oko. Asiyeijua ming'oko na aje kijijini kwetu Ziwani aione: mizizi ya mwituni, myembamba kama vidole, imejificha kwenye ardhi ngumu na haitoki kwa kuombwa. Unachimba mpaka nusu yako imeingia shimoni. Unajitwisha ndoo, unarudi nyumbani, unachemsha kwa chumvi, na kesho yake alfajiri uko njiani kwenda kuuza soko la Chikongola. Katikati ya hayo kuna maji ya kuteka, muhogo wa kumenya na kuanika, na wajukuu watatu wanaosema njaa kwa pamoja. Somoe ana miaka hamsini na minne. Akikushika bega utadhani umebanwa na mlango.

Mumewe, Kassimu, ni mtu mwema, shemeji yangu, sina ugomvi naye. Ila kazi yake kubwa ni kuhamisha kiti kufuata kivuli cha nyumba.

Basi akaja kijana Elisha, wa mradi mmoja wa lishe na mazoezi, na fomu zake kwapani. Akamkuta Somoe anatwanga muhogo.

"Shikamoo, mama. Unafanya mazoezi?"

"Marahaba. Mazoezi gani, mwanangu? Mimi nina nafasi hiyo?" Hakuacha kutwanga.

Elisha akaandika: hapana.

"Kwenye chai, sukari vijiko vingapi?"

"Viwili," alisema Somoe, na mchi ukashuka kwa nguvu zaidi kidogo.

"Na watoto, wanacheza walau saa moja kwa siku?"

"Wangepunguza ningeshukuru. Juzi wamekimbiza kuku wa jirani mpaka kaacha kutaga."

Elisha akamgeukia Kassimu. Kassimu akanyoosha mikono juu, akaishusha, akapiga mwayo. "Mimi kila siku asubuhi, kama unavyoona."

Akaandika: ndiyo.

Hivi jamani! Mtu anatwanga mbele ya macho yako, jasho linamwingia kwenye kope, unamwuliza kama anafanya mazoezi, na kalamu yako inaandika hapana bila hata kuona haya?

Wiki ya pili karatasi ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Juu yake: WASIOSHUGHULISHA MWILI. Majina kumi na mawili. Kumi na moja ya wanawake, na la mwisho la mzee Yassini, aliyevunjika mguu. La kwanza kabisa, Somoe. Na chini, kwa herufi kubwa: mazoezi ni kila Jumamosi asubuhi uwanjani, kiongozi Bwana Kassimu. Mradi ulikuwa umempa na filimbi.

Somoe aliisoma mara tatu. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tatu alifuata kila herufi ya jina lake kwa kidole. Shule ya wajukuu wake iko nyuma ya ofisi ile, na kila mtoto anayejua kusoma anapita mlango ule.

Akamfuata Elisha hapohapo. "Futa jina langu."

"Mama, nimeandika ulivyojibu mwenyewe. Siwezi kufuta bila kuhakiki."

"Nachimba ming'oko tangu mama yako hajaolewa. Mjukuu wangu aje asome hapa kuwa bibi yake amekaa tu?"

"Lakini ulisema hufanyi mazoezi, mama."

"Uliniuliza mazoezi, hukuniuliza kazi! Unataka kuhakiki? Njoo Jumamosi. Njoo na hiyo fomu."

Jumamosi Kassimu alisimama katikati ya uwanja na traksuti nyekundu ya kuazima, filimbi shingoni. Wanawake kumi na mmoja wakaja, kila mmoja na jembe na ndoo.

"Wekeni vyombo chini!" Kassimu akapuliza filimbi. "Raundi tano!"

"Baba Hawa," Somoe akamwambia mumewe, kwa adabu ile inayotisha, "uwanja wetu sisi uko kule porini. Wewe si kiongozi? Tangulia."

Angefanyaje, na Elisha anatazama? Akatangulia. Mpaka bondeni filimbi ilikuwa inalia vizuri. Kwenye kupandisha ikaanza kulia kama kifaranga. Baada ya hapo haikusikika tena.

"Piga filimbi, kiongozi!" Sabra, jirani yao, akapaza sauti kutoka nyuma. "Tusije tukalala njiani!"

Kufika kwenye ming'oko, Somoe akafunga kanga kiunoni akaanza kuchimba. Elisha akaomba jembe ajaribu. Akapiga mara saba, akalirudisha, akasimama anatazama viganja vyake. Kisha akatoa simu akaangalia saa.

"Fomu inataka mtu mzima ajishughulishe dakika mia na hamsini kwa wiki," alisema taratibu.

"Kwa wiki?" Somoe akauliza kutoka shimoni. "Sisi tangu tutoke nyumbani ni ngapi?"

Elisha alichuchumaa. Aliweka fomu juu ya goti, akakata ile hapana, akaandika ndiyo kubwa, akatia sahihi. "Karatasi ya mlangoni naibandua leo, mama. Yote. Na hili swali nitaliuliza vingine: mtu amebeba nini, ametembea mpaka wapi, amechimba kiasi gani."

"Vizuri. Sasa shuka pale pa sukari."

"Pana nini?"

"Kata viwili. Andika vinne." Alikuwa haangalii mtu. "Nimekwambia uandike kweli, basi iandike yote."

"Vinne ni vingi, mama."

"Najua ni vingi! Ndiyo maana nilisema viwili."

Mimi naona huo ndio ulikuwa mzigo mzito kuliko yote ya siku ile, lakini wa kurudi nao haukuwa mwepesi. Kassimu alikuwa amekaa chini, anasema miguu si yake tena. Somoe hakubishana. Ndoo imejaa, ipo kichwani, jembe begani. Akainama, akambeba mumewe mgongoni, mtu mzima na traksuti yake, akashuka naye bonde lote, akapandisha kilima, ndoo haikuyumba hata kidogo, na walipokaribia kijijini akaanza kukim—

"Kaka Hassani! Unaandika nini hapo? Nani kabebwa? Baba Hawa alirudi kwa miguu yake, mimi nilimbebea filimbi tu. Futa. Futa hapo, kaka, kabla watu hawa—"