Milango Tuliyohama Nayo

Dzaleka, kambi ya wakimbizi nilikoishi miaka yangu ya kwanza Malawi, mtu akihama hubeba mlango wake. Kuta ni udongo uliochimbwa palepale, nazo huachiwa mvua. Lakini mbao za mlango umezitafuta mwenyewe, bawaba umezipigilia mwenyewe, kwa hiyo siku ya kuondoka unaung'oa, unaufunga kwenye baiskeli, na hakuna jirani anayekushangaa. Naeleza hili mapema kwa sababu bila hilo tutaonekana wezi.

Nilihamia Lilongwe katika miaka ya elfu mbili, nikichora vibao vya vinyozi na makanisa. Kabla ya hapo nilikuwa nimepita miji mingi, na kila mji niliuacha mara tu nilipoanza kuuzoea. Lilongwe, nyuma ya mtaa wa Area 18, nilikaa zaidi. Vilikuwa vyumba vya mstari mmoja, bomba moja, mparachichi mmoja, na mbele nyumba ya mwenye kiwanja, mzee wa Kimalawi aliyestaafu kazi ya serikali, ofisi za Capital Hill. Wapangaji karibu wote tulitoka kambini.

Jirani yangu wa ukuta alikuwa mama wa Bukavu kama mimi, mshonaji, mjane. Alitoka kwao akiwa na nguo aliyovaa tu. Hakuwa na picha ya mumewe, wala ya nyumba yao, wala ya mtu yeyote aliyempenda. Rafiki yake pale uani alikuwa mke wa mwenye nyumba. Hawakuwa na lugha moja. Mke wa mzee alikuja kila alasiri na ungo wake, akaketi juu ya kreti karibu na cherehani, akachambua maharage. Mmoja akisema Kichewa, mwingine akijibu Kiswahili, wakacheka. Kisha mke wa mzee aliugua, akafariki. Kreti ilibaki pale, na mama hakumruhusu mtu kuikalia.

Mtaa nao ulikuwa unabadilika. Viwanja vya jirani vilinunuliwa kimoja kimoja. Penye meza za nyanya paliota mageti, na nyuma ya mageti nyumba za ghorofa za watu wa ofisi za City Centre. Asubuhi moja mzee alitukusanya chini ya mparachichi, akasema bila kututazama kwamba watoto wake wameshauza kiwanja, na yeye anarudi kijijini. Tuhame mvua zikiisha.

Tulikuwa na kikundi kidogo cha wasanii: mimi, Mrundi mmoja wa ngoma, na dada wa Kinyarwanda aliyejua kutengeneza michoro ya mistari kwa samadi ya ng'ombe na majivu, ikakauka ikasimama kama mishipa. Tulikubaliana kwamba kila mpangaji atuambie nyumbani ni wapi, nasi tumchoree mlangoni pake. Siku ya mwisho tungealika watu waone.

Kila mtu alitaka kwao. Nilichora vilima, makanisa, migomba. Mlangoni kwangu nilichora ziwa letu la Bukavu linavyoonekana ukishuka kutoka sokoni. Nilipofika kwa mama nilikuwa nimeshachanganya buluu.

"Hiyo buluu ni ya nini?" aliuliza.

"Ya ziwa, mama."

"Papa, ziwa la nini? Bukavu mi nilishatokaka. Sasa niko natoka hapa. Unichoree hapa."

"Hapa kuna nini cha kuchora?"

"We uko na macho kweli? Bomba iko. Muti iko. Na rafiki yangu umuweke pale, na maharage yake. Safari hii sitoki mikono mitupu."

Nilimchora mke wa mzee kwa kumbukumbu, mama akinisahihisha nyuma ya bega. Shingo ilikuwa fupi zaidi. Kitambaa alikifunga kwa nyuma, si kwa mbele. Dada wa Kinyarwanda alizungushia ukingo wa mistari yake, na harufu ya samadi ilikaa pale wiki nzima. Siku tulipomaliza, mama aliweka kiti chake mbele ya mlango akautazama mpaka giza lilipoingia, nguo za watu zikimngoja.

Wageni wa maonyesho walitoka City Centre. Walipiga picha, wakatusifu sana. Mmoja aliniuliza kama najua ghorofa zitakazojengwa pale zitakuwa na maegesho ya magari. Mzee hakutoka ndani ya nyumba yake; tangu alipotuambia tuhame, hakukanyaga tena uani kwetu.

Kesho yake tulihama. Tulikodi pikapu moja, tukapakia magodoro, sufuria, cherehani, na milango yote. Hakuna aliyeuliza. Tulifanya kama tulivyozoea, kila mtu na bisibisi yake. Wengi walirudi Dzaleka, na mimi niliwasindikiza. Tulimfungia mama mlango wake kwenye chumba cha udongo cha binamu yake, tukashindilia matope pembeni, ukakaa.

Siku ya pili mzee alifika kambini kwa basi dogo, akiwa na koti na kofia, vumbi hadi magotini. Aliuliza watu mpaka akatupata.

"Milango yangu iko wapi?" alisema kwa Kichewa. Hakupiga kelele. "Mnunuzi amekuja, amekuta nyumba yangu iko wazi kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno. Anasema nimemuuzia mashimo."

Nilimtafsiria mama.

"Mwambie mulango ni ya mwenye kuhama," mama alisema. "Kila mutu anajua."

"Kila mtu wapi?" mzee aliuliza nilipomwambia.

"Hapa, bambo," nilisema, na hapo ndipo nilipoelewa. Mjini milango ilikuwa yake. Tulikuwa tumeikuta pale.

Dada wa Kinyarwanda alianza kucheka, akaziba mdomo. Mzee naye alikaribia kucheka. Kisha akageuka, akauona mlango wa mama.

Alivua kofia. Alisogea mpaka uso wake ukakaribia mbao, akagusa kile kitambaa kilichofungwa kwa nyuma. Alisema jambo kwa sauti ndogo ambalo sikulisikia.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

"Sijui."

Mzee aligeuka. Alisema ile mingine tukae nayo, atajua la kumwambia mnunuzi. Lakini huu anauomba. Kule kijijini anakokwenda hakuna mtu aliyewahi kumwona mkewe akiwa ameketi hivyo, uani pake.

Nilitafsiri polepole, kwa sababu nilijua ninamwomba nini mama. Alifuta na kufuta tena mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na kitu.

"Bwana yake njo huyu," alisema mwishowe. "Apeleke."

Tuling'oa bawaba. Tuliita kabaza, baiskeli ya abiria, tukaulaza mlango juu ya kiti cha nyuma. Mwenye baiskeli aliisukuma akitembea, na mzee alitembea ubavuni, mkono mmoja ukiushikilia. Mama hakuwasindikiza. Alikuwa ameshaanza kupigilia kitenge palipokuwa na mlango.

"Nitakuchorea mwingine, mama."

"Hapana." Alikuwa na msumari mdomoni. "We huyu mutu ulimuona wapi? Ulimuona kwangu. Wacha nimubebe mi mwenyewe kichwani. Mi nikisahau, utamuchora nani?" Kisha akaniuliza, "Na we, unaenda wapi?"

"Mjini."

"Kwa nani?"

Nilisema nitatafuta chumba. Alinitazama, akasogeza cherehani kwenye mwanga, akaanza kazi.

Nilipata chumba upande mwingine wa Lilongwe. Mlango ulikuwa wa chuma, wa kijivu, na mwenye nyumba alinionya siku ya kwanza nisiupake chochote. Nilisema zikomo, asante. Kwa muda mrefu, kila asubuhi, niliufungua nikasimama pale na chai yangu, nikitazama ukuta wa jirani ambaye sikuwahi kumwona.