Vibuyu vya Watu wa Salamu

Miaka ile ya dhahabu mume wangu alikuwa mchimbaji shimoni Nyamongo, na mimi nilibaki Turwa na mama mkwe na redio yetu ya betri. Mama alipanda vibuyu nyuma ya nyumba, akavikausha na kuvisafisha ndani kwa mawe madogo. Mimi nilivichora. Unaanza na penseli, halafu unaweka spoku ya baiskeli kwenye makaa mpaka iwe nyekundu, kisha unaifuata mistari yako taratibu. Kibuyu kinaungua na alama haifutiki tena. Ukikosea, umekosea.

Nikiwa kazini nilisikiliza kipindi cha salamu. Watu walinunua kadi dukani, wakaandika majina ya wanaowasalimu, wakazituma redioni, na mtangazaji akazisoma moja baada ya nyingine. Waliotuma kila wiki walijulikana mkoa mzima kwa majina waliyojipachika wenyewe, mengine marefu mpaka mtangazaji anapumua katikati. Walisalimiana miaka bila kuonana. Wachimbaji ndio waliozidi. Mtu akibahatika shimoni, kwanza alinunua nyama, halafu kadi.

Siku moja ikatangazwa kwamba wapenzi wa salamu wa Tarime na Serengeti watakutana Mugumu, kwenye ukumbi wa shule. Nikaamua kupeleka vibuyu vyenye jina la kila msalimiaji na sura yake.

"Umewaona wapi hao watu?" mama mkwe akaniuliza.

"Sijawaona, mama. Nawasikia."

"Mimi simba namsikia tangu utoto. Sijui ana meno mangapi."

Hata hivyo alinichagulia vibuyu vizuri, na siku yenyewe ilipofika akavaa kitenge chake cha kanisani tukaenda wote.

Ukumbi ulijaa mapema. Walikuja wa Sirari, na wengine wakavuka mpaka kutoka Kenya. Kila mtu alibandika kifuani karatasi yenye jina lake la salamu, na watu wakasoma karatasi hizo kwanza ndipo wakatazama nyuso. Halafu kelele: "Kumbe ni wewe!" Wakakumbatiana kama ndugu waliopotezana kwenye vita.

Mimi na mama tulitandika mkeka karibu na mlango, na jiko letu la mkaa pembeni. Kicheko kilianza dakika ileile. Mwanamume niliyemchora mnene mwenye ndevu alikuwa mwembamba kama fito. Jamaa wa Sirari niliyempa kofia na kiko alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na kitu. Akajitazama kwenye kibuyu, akasema, "Sasa madam, huyu ni babu yangu ama ni mimi?" Lakini alikinunua. Wengi walicheka, wakanunua. Nikaanza kujisikia msanii.

Miongoni mwa wanunuzi wa mwanzo alikuwamo mchimbaji, kijana wa kama miaka thelathini, shati limepigwa pasi mpaka limeng'aa. Hakutafuta kibuyu chake. Alitafuta cha mwanamke mmoja ambaye sisi wote tulimfahamu redioni, kwa sababu kadi zake zilikuwa na maneno matamu kuliko za mtu mwingine yeyote. Nilikuwa nimemchora msichana mwenye shingo ndefu, shanga mistari mitatu, na macho makubwa. Kile ndicho kibuyu nilichokitolea jasho.

"Nimemsalimia miaka miwili," akaniambia kwa sauti ya chini. "Leo nampa mkononi."

Alikifunga kwenye gazeti, akaenda kukaa mbele.

Mwenyekiti wa klabu ya salamu alianza kuwaita watu jukwaani mmoja mmoja. Jina la mwanamke yule lilipotajwa, ukumbi mzima ulisimama. Akapanda mama mmoja wa makamo, mfupi, kanga mbili, mikono mipana. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba na ngozi imejikunja juu yake. Watu wakatazamana, kama wanaotafuta walipoacha kitu. Kisha wakapiga makofi, tena kwa nguvu, labda kwa aibu ya kuchelewa. Yeye akainamisha kichwa, akasema jina lake la salamu na kwamba kwao ni Kenyamonta, akashuka.

Haikupita muda kijana akarudi mkekani kwangu na gazeti lake.

"Dada, naomba unibadilishie. Hata kimoja cha maua."

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari mbaya mbele za watu. Na yule msichana wa shanga nilikuwa nimemtengeneza mimi. Kabla sijamjibu, yule mama wa jukwaani akafika, akainama, akakichukua kibuyu kwenye gazeti lililofunguka. Akasoma jina lake. Akamtazama msichana.

"Huyu ndiye mimi?"

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilikuwa nasikiliza tu."

"Hapana, mzuri." Akapitisha kidole kwenye zile shanga. "Hata nilipokuwa msichana sikuwa hivi. Wewe una kingine kitupu? Nichore nilivyo."

Nilichukua kibuyu na penseli, nikaanza na kanga, nikazunguka mashavu, nikachelewachelewa. Akaona ninachokwepa.

"Na jicho. Usiliache. Hili nililipata kwenye mawe."

Akaeleza huku nikichora. Mumewe alikufa shimoni, na yeye akabaki Nyamongo kuponda mawe ya dhahabu pamoja na wanawake wengine, nyundo mkononi kutwa nzima. Kipande kimoja kiliruka. Alipouguza jicho lile alikuwa na redio ya jirani, na siku moja akasikia kadi ya mchimbaji mmoja ikimalizia, "na wanawake wote wanaoponda mawe, popote mlipo."

"Hakuna mtu aliyewahi kutusalimia sisi," akasema. "Nikamwambia jirani aninunulie kadi, nimjibu. Ndivyo nilivyoanza. Nimekuja hapa kumwona. Sijui kama amefika."

Nilimtazama kijana. Karatasi ya kifuani alikuwa ameshaibandua, ameishika ndani ya ngumi. Mume wangu alikuwa shimoni kulekule na hakuwahi kunitajia hao wanawake, wala mimi sikuwahi kumuuliza mawe hupondwa na nani. Mama mkwe, aliyekuwa anapuliza makaa, akaacha kupuliza.

"Mura," akamwita kijana kwa Kikurya, "mdomo ni wako."

Kijana akachuchumaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Ni mimi."

Mama yule aligeuza uso wote ili amwone kwa jicho lake zima. Halafu akacheka, akampiga begani kwa ule mkono wa nyundo hata kijana akayumba. "Wewe! Nilijua ni mzee mwenye mvi! Kumbe ndiyo kwanza unaota ndevu!"

Kijana naye akacheka, macho yamelowa. Nilipoanza kuchoma aliniomba akishike kibuyu kisicheze, akakishika mpaka mwisho, hata spoku ilipopita karibu na vidole vyake. Jicho lililofumba lilinichukua muda kuliko sura nzima. Nilipomaliza, yule mama alikitazama akasema, "Sasa ndiye mimi," akakifunga kwenye kanga yake. Nilikataa kulipwa chochote. Kile cha shanga kijana alikichukua vilevile. Alisema mama yake atakitilia maziwa.

Vibuyu vya sura nilivyobaki navyo sikuviuza. Tangu siku hiyo sikumchora mtu ambaye sijakaa naye.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna mahindi, yule mama alikuja kwetu Turwa akakaa siku nne. Alikuwa ameacha mawe, anapika maandazi Kenyamonta. Yeye na mama mkwe walipukuchua mahindi kutwa, redio katikati yao, wakibishana na mtangazaji.