Kona ya Ngazi Kule Gatina

Jumapili ile ya mtaa wa Gatina naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu akinisikia nikisema hivyo leo sitapata chai. Ndiyo siku niliyowapeleka washirika kuona ngazi mpya ya kanisa letu, nikingoja kupigiwa makofi. Nakusimulia kwa sababu nimesikia wamekuchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi huko Soweto West, na juzi nilikuona ukipita na mchoro kwapani bila kusalimia mtu. Nilicheka. Hata mimi nilitembea hivyo hivyo.

Wakati huo nilikuwa kijana, fundi wa mbao, karakana yangu iko kando ya barabara. Nilitengeneza vitanda, meza na majeneza. Majeneza ndiyo yaliyonilisha, sikufichi. Unajua sisi tuliotoka magharibi, na wenzetu waliotoka kule ziwani, hatuzikwi Nairobi. Mtu wetu akifariki, mwili hutolewa mochari, huletwa kanisani uombewe na uagwe, kisha gari hushika njia ya nyumbani. Chumba cha kupanga hakina nafasi ya jeneza na waombolezaji. Kwa hiyo kanisa ndilo lililokuwa sebule yetu sote, na mimi mwenye kutengeneza majeneza nikalisahau jambo hilo.

Kanisa la zamani lilikuwa la mabati, na mvua ikinyesha pasta alinyamaza mpaka ipungue. Washirika wakakubaliana libomolewe, lijengwe la mawe, ghorofa moja: chini madarasa ya chekechea, juu ibada. Usimamizi wakanipa mimi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Hapo kichwa kikavimba. Ufunguo wa lango nilikuwa nao, mchoro nilikuwa nao, na kila aliyeuliza swali nilimjibu kwamba hilo ni la kamati. Kamati yenyewe ilikuwa watu watano, na wanne walikuwa wananiogopa.

Mchoro ulionyesha ngazi pana, iliyonyooka, upande wa nje. Nikaona inakula nafasi bure. Nikamwambia fundi wa mawe aiingize ndani, aibane, aikatishe kona katikati, ili huko juu tupate safu mbili zaidi za viti. Fundi aliniuliza kama washirika wanajua. Nikamwambia amwage zege.

Basi Jumapili hiyo, baada ya ibada katika ukumbi wa shule tulioazimwa, nikawaongoza mpaka kwenye jengo. Wakapanda, wakashangaa, vijana wakanipiga mabegani. Mama Awino hakufika juu. Huyu alikuwa muuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, na kiongozi wa kina mama, mtu wa maneno machache. Alisimama kwenye kona, akaweka mkono mmoja ukuta huu na mwingine ukuta ule.

"Wafula," akasema, "mwili itapita wapi hapa?"

Nikamjibu kwamba tutaombea chini, kwenye darasa.

"Kwa viti ya watoto? Mtu ameimba na sisi huko juu miaka yote, siku ya kumuaga tunamwacha chini na viti ya watoto? Na wewe ndio hutengeneza hizo masanduku. Wewe ndio unajua urefu yetu sisi wote."

Mwanangu, ningenyamaza ingekuwa afadhali. Lakini vijana walikuwa wakitazama, nami nilikuwa na ufunguo mfukoni. Nikamwambia, "Mama, wewe uza omena. Kujenga tuachie sisi."

Alijifunga leso yake vizuri, akashuka. Hakuna aliyenipiga bega tena. Maneno yale bado yananichoma, na yeye alishanisamehe zamani.

Jumatatu asubuhi nilichukua jeneza lililokuwa karakanani, nikawaita vibarua wanne tulipandishe. Nilitaka kuthibitisha kwamba mama yule anapenda kulalamika tu. Tulipofika kwenye kona likakwama. Tukalisukuma, tukalivuta, tukakwaruza ukuta mpya. Kibarua mmoja akaniambia, "Boss, hii haikati kona hapa. Ama tuisimamishe?"

Wakalisimamisha wima. Likapita.

Nikalitazama lile sanduku limesimama, nikamkumbuka baba yangu, ambaye miaka miwili nyuma tulimuaga ndani ya mabati yale yale, amelazwa kwa heshima mbele ya watu. Nikamwona amesimamishwa mle ndani, anateleza kuelekea miguuni, kwa sababu mwanawe alitaka safu mbili za viti. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na vibarua wakajifanya wanatafuta kitu huko chini.

Nilikwenda sokoni moja kwa moja. Mama Awino alikuwa akipepeta omena zake, akanisogezea kigoda. Nikamwambia nimekosea. Aliendelea kupepeta.

"Mimi umeniambia," akasema. "Sasa enda uambie wenye kanisa."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Siku ya kuwekwa wakfu ilikuwa imetangazwa, wageni wamealikwa, na mimi nilitakiwa kusimama mbele ya watu walionivulia kofia na kusema ngazi ivunjwe. Niliona uenyekiti umekwisha, na jina langu pia. Jumapili nikasimama, nikasema ngazi ni mbaya, kosa ni langu, fundi wa mawe hana hatia, naye Mama Awino nilimkosea adabu mbele ya watu wote. Kisha nikauweka ufunguo mezani.

Nilingoja wanizomee. Mzee mmoja, bawabu, akainuka polepole akauliza, "Sasa nyundo ziko wapi?" Pasta naye akauchukua ule ufunguo, akanirudishia mkononi.

Nilikuwa nimesahau pia, katika kiburi changu, kwamba nusu ya kanisa lile ni watu wa mjengo, vibarua na mafundi wa kujenga. Walikuja na nyundo na mitarimbo yao wenyewe, wakivunja huku wakiimba, kina mama wakipitisha mawe mkono kwa mkono. Siku mbili tu, kona ikawa kifusi. Ngazi mpya hatukuipima kwa futi peke yake. Niliweka jeneza begani mwa wanaume sita, watatu kwa watatu, Mama Awino akanishikia kamba, tukaweka alama pale mabega yao yalipoishia. Kisha akaniambia niongeze kidogo. Safu mbili za viti zikatoweka, na sijasikia mtu akiziulizia mpaka leo.

Siku ya wakfu ikafika, magoti ya Mama Awino yamevimba. Akasema atasikiliza akiwa chini. Nikamwambia haiwezekani. Nikaleta kiti cha mikono nilichomtengenezea, wanaume sita wakambeba, nami nikiwa mmoja wao. Tukapanda wima, hakuna aliyegusa ukuta, hakuna aliyeinama, vigelegele vikipasua anga la Gatina. Katikati ya ngazi akatugonga mabega.

"Polepole nyinyi. Mimi bado."

Kanisa zima likaangua kicheko. Tulipomweka juu aliangalia ngazi, akaniangalia, akasema, "Wafula, imepita." Nimesifiwa mara nyingi maishani, lakini sifa niliyobaki nayo ni hiyo.

Miaka baadaye, sanduku lake nililitengeneza mimi. Tulimpandisha kwenye ngazi ile ile amelala vizuri, tukamwimbia huko huko juu alikokuwa akiimba, ndipo gari likaondoka kuelekea ziwani.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jengo unalosimamia si lako, ni la watu waliokutuma, kwa hiyo kabla ya kumwaga zege waulize hao watu wanafanya nini mle ndani, katika furaha na katika msiba. Muulize hasa yule ambaye hayumo kwenye kamati. Ukikosea, kiri mapema, mbele ya wale wale uliojivunia mbele yao, na utashangaa watakavyokuja na nyundo zao.

Nenda Soweto West ukajenge. Mungu aubariki mkono wako na alainishe masikio yako, na ngazi yako iwe pana, wote waliokuamini wapite bila kuinamishwa, wanaotembea na wanaobebwa.