Koti Kwenye Kiti

Nilipoteuliwa kuwa msimamizi wa afya na usalama kazini katika ofisi yetu ya zone, yaani ya serikali ya eneo letu, vita vilikuwa vimezoeleka Bujumbura kiasi kwamba watu walipanga mpaka harusi kwa kusikiliza milio inatokea upande gani. Sikuchaguliwa kwa elimu. Mkuu wetu alisema mbele ya wote kwamba kila risasi zikilia milimani, mimi huwa nimeshafika chini ya meza kabla wenzangu hawajageuza shingo, na mtu anayeiona hatari mapema hivyo asiachwe bure. Wenzangu wakapiga makofi. Kwa kuwa sikuwahi kupigiwa makofi kazini, nilisimama nikashukuru.

Nilipelekwa kwenye mafunzo ya asubuhi moja mjini. Mkufunzi, mtu mpole mwenye tai, alitufundisha kuinua maboksi kwa kukunja magoti badala ya mgongo, kupumzisha macho baada ya kusoma karatasi nyingi, na kutoacha nyaya za umeme njiani. Mtu mmoja akauliza kuhusu mabomu. Mkufunzi akajibu kwamba hiyo ni mada nyingine. Muda si mrefu mlio mkubwa ukasikika upande wa juu, na sote, yeye akitangulia, tukakunja magoti vizuri kabisa. Nikarudi ofisini na filimbi shingoni, nikitembea kama jenerali.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Katikati ya jengo letu palikuwa na stoo ya majalada, chumba kisicho na dirisha, chenye rafu zilizojaa karatasi hadi darini. Filimbi ikilia, wote wakimbilie humo. Mimi nitahesabu watu, na anayekosekana nitamfuata. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe, siku ya utulivu, baada ya kula nikashiba.

Kilichoharibu hesabu yangu ni makoti. Aliyewahi kufanya kazi katika ofisi kama zetu anajua. Unafika asubuhi, unatundika koti kwenye mgongo wa kiti, halafu unakwenda kwenye shughuli zako. Mkuu akipita akaulizia, anaambiwa koti lipo, maana yake mtu yupo, ametoka kidogo tu. Mimi nilikuwa na koti la kazi hiyo peke yake, la kahawia, nililonunua zamani katika duka la Mwarabu mmoja mjini. Lilikuwa halijarudi nyumbani kwangu, mtaa wa Kinanira, kwa miaka. Jirani yangu wa meza, mwandishi wa vyeti vya kuzaliwa, alikuwa na la kwake la kijivu. Na katika chumba cha mwisho kwenye korido palikuwa na koti jeusi la mwenzetu aliyetoka kidogo mwanzoni mwa vita na hakurudi. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Mfagiaji alikuwa akilipangusa vumbi, basi.

Siku hiyo milio ilianza karibu mno, kabla ya mapumziko ya mchana. Nilipuliza filimbi nikiwa tayari chini ya meza, kisha nikatimua mbio kuelekea stoo. Nilipohesabu, jirani yangu hakuwemo. Mkewe, ambaye ndiye mpiga taipu wetu, alikuwemo. Akanishika mkono.

"Shemeji, koti yake iko kwa kiti. Mi nimeiona saa hii."

Nilimwambia pengine ametoka. Akasema angetoka angemwambia. Wanaume wote mle stoo wakainamisha macho, kwa sababu sote tulijua kwamba saa kama hizo jirani yangu huwa kwenye kabare ya nyuma ya soko, mbele ya bia na mishikaki ya mbuzi. Lakini kumtaja mume wa mtu kabareni mbele ya mkewe ni hatari ambayo mkufunzi hakuigusia kabisa. Na kusema kweli sikuwa na hakika. Niliogopa kwamba huenda amelala sakafuni mle ofisini, amepigwa, naye anasubiri mtu mwenye filimbi. Mama yule akaanza kuelekea mlangoni mwenyewe. Ikabidi niende.

Nilitambaa. Tumbo langu la wakati ule halikuumbwa kwa kutambaa, na filimbi ilikuwa ikiburuzika sakafuni mbele yangu ikigongagonga, kana kwamba nawaarifu wapiganaji ninapopita. Nilimwita kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Ofisini hapakuwa na mtu, wala chini ya meza. Kioo cha dirisha kikapasuka juu yangu. Nikanyoosha mkono nikavuta koti kwenye kiti, ili angalau nionekane nimefika, nikarudi kinyumenyume mpaka stoo na kumkabidhi mama yule.

Alilitazama mbele na nyuma.

"Hii apana yake," akasema. "Hii ni yako, shemeji."

Nilikuwa nimehatarisha maisha yangu kuliokoa koti langu mwenyewe. Watu walicheka mpaka majalada yakaanguka. Mama yule naye alicheka kidogo, kisha akaanza kulia, na aliponiona natetemeka akanivisha lile koti akiwa bado analia. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona uchungu.

Milio ilipopungua tukasikia mtu anakuja mbio kwenye korido. Mlango wa ofisi yetu ukafunguliwa kwa kishindo, halafu tukasikia mwanamume analia. Tukatoka. Alikuwa jirani yangu, ananuka moshi wa mishikaki, ameshika mgongo wa kiti changu kwa mikono miwili. Alipomwona mkewe alishusha pumzi, lakini hakukiachia kiti.

"Wamemupeleka wapi?" akamwuliza. "Koti yake haiko."

Nikasema niko hapa. Akageuka, akanitazama, akaja akanishika kola zote mbili.

"Miaka yote hii, mi nikiona koti yako kwa kiti najua uko muzima, ata kama uko kwa pombe. Leo nimekuta kiti tupu."

Mkewe alikuwa ameshafungua mdomo kumwuliza alikuwa wapi. Akaufunga, akaliweka swali hilo kwa ajili ya nyumbani.

Jioni ile mkuu alipiga marufuku makoti kwenye viti, kwa usalama wa wafanyakazi, na msimamizi wa agizo hilo nikawa mimi. Nilipita chumba kwa chumba, na watu wakabeba makoti yao bila kubisha. Lile jeusi nilisimama mbele yake kidogo, kisha nikafunga mlango. Langu nililipeleka nyumbani, na mke wangu akalianika nje kwa sababu ya harufu.

Kesho yake nililirudisha. Nililitundika mahali pake, kinyume cha agizo nililopewa kulisimamia, nikakaa. Jirani yangu aliingia amechelewa. Alitazama kiti changu kwanza, ndipo akanitazama mimi. Kisha akavuta mhuri wake, akaanza kazi.